Polisi wa New York wamefunga mawasiliano yao ya redio: nani atasikia sasa?

Mlinzi wa Zamu:

Habari za muda huu wakuu.

Juzi kuna uzi ulikuwa unajadili skana za polisi kule Marekani, na wengi waliona ni habari ya wazee wachache waliopoteza burudani yao ya usiku. Nimeshindwa kupita kimya. Naishi Brooklyn, nalinda jengo zamu ya usiku, na skana imekaa mezani kwangu miaka mingi. Hili jambo ni kubwa kuliko linavyosemwa. Uzi ni mrefu, tuvumiliane.

Kwanza tuelewane. Skana ni redio ya kupokea tu, haitumi kitu. Inapita haraka kwenye masafa uliyoipangia. Ikikuta mtu anaongea inasimama, akinyamaza inaendelea na safari. Polisi wa New York walisikika kwa njia hiyo tangu 1932, anayetaka anasikia. Julai 2023 vituo vya Brooklyn Kaskazini vikaanza kunyamaza, bila wananchi kuambiwa mapema, na mpango ukawa jiji zima lifuate. Mfumo mpya wa redio umetengewa takriban dola milioni 390.

Nani walikuwa wanasikiliza? Waandishi wa habari kwanza, hasa wapiga picha wa kujitegemea ambao hawana msemaji wa polisi wa kuwapigia simu. Vikundi vya kujitolea vya magari ya wagonjwa. Wenye maduka. Watu wa mtaa wanaotaka kujua helikopta juu ya paa lao inatafuta nini. Arthur Fellig, yule mpiga picha aliyejulikana kama Weegee, mwaka 1938 alipata kibali cha kuweka redio ya polisi kwenye gari lake, na ndiyo maana alikuwa anafika kwenye tukio mapema kiasi kile. Picha zake za New York ya miaka ile leo zimetundikwa kwenye majumba ya makumbusho.

Na msidhani raia waliingia kwenye masafa haya kwa mlango wa nyuma. Detroit ndiko polisi walikoanza kutumia redio kwa magari ya doria kwa utaratibu wa kudumu, Aprili 1928. Kituo chao kiliitwa KOP, na mwanzoni serikali iliwaandikisha kama kituo cha burudani, kwa hiyo ilibidi wapige muziki katikati ya matangazo ya magari yaliyoibwa! Gari la doria lilipokea tu; askari akitaka kujibu anashuka kutafuta simu. Redio ya kusema na kujibu ilikuja Bayonne, New Jersey, mwaka 1933. Redio nyingi za sebuleni za miaka ya 1930 ziliandikwa kabisa "Police" kwenye kioo chake, pembeni ya stesheni za muziki. Kiwanda kilijua mteja atasikiliza, polisi walijua, na kazi ikaendelea.

Sasa niwaambie inasikikaje, kwa sababu anayesema "siri za polisi" naona hajawahi kukaa na skana hata saa moja. Sehemu kubwa inachosha. Mwendeshaji wa chumba cha mawasiliano, ambaye askari wote humwita Central, anasoma anwani, anataja ghorofa, anaeleza kilichoripotiwa: mlango unagongwa kwa nguvu, mtu kaanguka ngazi, kengele ya duka inalia. Askari anajibu kwa namba ya kituo chake na ya gari, anamalizia na herufi K, yaani nimemaliza, zamu yako. Namba za mkato zipo. 10-4 ni sawa, nimeelewa. 10-85 ni naomba wenzangu waje. 10-13 ni askari yuko hatarini, na ikitamkwa hiyo hewa yote inabadilika: sauti zinapandana, Central anaomba wengine wanyamaze, na kila anayebonyeza kitufe anakuja na king'ora nyuma yake.

Usiku mmoja wa Januari Central alisoma maelezo ya mzee aliyetoka nyumbani bila kuaga. Ana ugonjwa wa kusahau, kavaa koti la kahawia na ndara. Ndara, kwenye barafu. Nilitoka mlangoni nikaangalia barabara juu na chini, nikampigia mwenzangu anayelinda jengo la mtaa wa pili, naye akatoka. Sisi hatukumuona. Baadaye askari mmoja akasema hewani kapatikana kituo cha basi, mzima, anatetemeka. Hakuna aliyetutuma mimi na mwenzangu. Tulikuwa macho tu, na tulijua cha kutafuta.

Tuje kwenye ufundi, maana hapa watu wanachanganya mambo mawili. Redio ya dijitali si lazima iwe imefungwa. Polisi wengi Marekani wanatumia kiwango kinachoitwa P25. Sauti inageuzwa kuwa tarakimu, inarushwa, inageuzwa tena kuwa sauti upande wa pili. Skana ya dijitali inaweza kuisikia, hata kifaa kidogo cha USB cha kama dola 30 kikichomekwa kwenye kompyuta yenye programu ya bure. Kusimba ni hatua nyingine: zile tarakimu zinavurugwa kwa ufunguo wa siri, mara nyingi kwa mbinu ya AES ya biti 256, na ufunguo unapakiwa kwenye kila redio kwa kifaa maalumu. Asiye na ufunguo anaona chaneli inafanya kazi ila hapati hata neno. Jiji linaweza kabisa kununua mitambo mipya ya dijitali na kuacha sauti wazi. Kufunga ni uamuzi wa mtu. Mtambo haujamlazimisha.

Polisi wanatoa sababu gani? Novemba 2023 mkuu wa teknolojia wa polisi wa New York, Ruben Beltran, alihojiwa na Baraza la Jiji. Kwa ufupi: wahalifu wanasikiliza, faragha ya waathirika inavuja, na watu wasiohusika wanaingia kwenye masafa kuvuruga kazi.

Nianze na faragha, kwa sababu hiyo ni hoja ya kweli na naiheshimu. Mtu anapiga simu akiwa kwenye siku mbaya kuliko zote maishani mwake, halafu jina lake, tarehe ya kuzaliwa na namba ya leseni vinasomwa hewani. Hapana, hilo halifai. Lakini California wameshaonyesha njia. Oktoba 2020 idara ya sheria ya jimbo iliagiza taarifa binafsi zilindwe kwenye redio, na ikatoa njia mbili: simba mawasiliano, au weka utaratibu wa kutozisoma taarifa hizo kwenye chaneli ya wazi. Idara nyingi zikakimbilia kufunga kila kitu. Polisi wa barabara kuu wa jimbo zima, California Highway Patrol, wakachukua njia ya pili: chaneli ikabaki wazi, taarifa nyeti zikapitia njia nyingine. Mji wa Palo Alto ulifunga Januari 2021, wananchi na waandishi wakapiga kelele, na Septemba 2022 mkuu mpya wa polisi, Andrew Binder, akafungua tena. Mji wa katikati ya Silicon Valley, wenye kila teknolojia unayoweza kuitaja, ukaona inawezekana kulinda jina la mtu bila kuzima redio nzima.

Hoja ya kuvurugiwa masafa nayo ni kweli, watu wamekuwa wakiingia na kutukana au kupiga muziki. Ila kusimba hakumzuii anayetaka kuziba mawimbi. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, akiwemo Matt Blaze, walionyesha kwamba redio za P25 zinaweza kuzibwa kwa kifaa kilichotengenezwa kutokana na kichezeo cha kielektroniki cha watoto cha kutumiana ujumbe. Na walikuta jambo la kutisha zaidi: maafisa wa serikali kuu waliodhani wamesimba, kumbe wanaongea wazi, mambo mazito ya upelelezi, kwa sababu swichi ya redio inachanganya na funguo zinapitwa na muda.

Inabaki hoja ya wahalifu, ambayo nitairudia nikiulizwa, maana najua nitaulizwa.

Upande wa pili wa mizani ni huu. Mwaka 2020, kwenye maandamano yaliyofuata kifo cha George Floyd, waliokuwa wanasikiliza redio ya polisi New York walinasa sauti zikisema waandamanaji wapigwe risasi, wagongwe na magari, na sauti nyingine ikionya kwamba mambo hayo yasisemwe hewani. Fikirieni hilo onyo la mwisho. Yule aliyeonya alijua kuna mtu wa nje anasikia. Ndiyo kazi skana ilikuwa inafanya kila usiku, hata usiku ambao hakuna aliyesema kitu kibaya.

Miji mingine imefanya nini? Denver ilifunga 2019. Jimbo la Colorado likatunga sheria 2021 inayotaka idara iliyofunga redio yote iwe na utaratibu wa kuwapa vyombo vya habari nafasi ya kusikia. Chicago ilikamilisha kufunga 2022 na sasa sauti inawekwa mtandaoni baada ya dakika 30. Baltimore ikafuata 2023 kwa kuchelewesha dakika 15. Ucheleweshaji ni nafuu kuliko kimya, sikatai. Ila dakika 30 ni muda wa kutosha moto kuzimwa, utepe kufungwa, mashahidi kwenda makwao, na msemaji kuandika taarifa yake. Mpiga picha anayefika hapo anapiga picha ya barabara iliyofagiliwa.

Msimamo wangu: chaneli ya kupangia kazi, ile ya "nenda anwani fulani", ibaki wazi. Chaneli za operesheni, za upelelezi, za kuzingira mtu mwenye silaha, zifungwe kabisa, na hakuna mwenye akili anayedai kuzisikia. Na mpaka kati ya hizo mbili uwekwe na sheria. Usiachwe kwa mkuu wa polisi aliyepo mwaka huu. Muswada wa Seneta Michael Gianaris wa jimbo la New York ulikaribia hapo: waandishi na vikundi vya dharura wasikie papo hapo, umma usikie kwa kuchelewa, taarifa nyeti zibaki zimefungwa. Mimi ningeenda mbele zaidi, lakini kwa huo ningesaini.

Naomba kuwasilisha.

Koplo Mstaafu:

Kijana, umeandika vizuri na umeeleweka. Lakini umeandika kama msikilizaji. Mimi nimekaa upande wa pili wa hiyo redio miaka mingi hapa Tanzania, tukiziita simu za upepo, na nitakwambia kitu ambacho mezani kwako hukioni.

Askari akiwa peke yake usiku, ile redio ndiyo kila kitu. Akisema yuko wapi, amesema yuko wapi kwa kila anayesikia. Tulishawahi kwenda mahali kukamata watu tukakuta chai bado ya moto kwenye vikombe na watu hawapo. Hakuna aliyetuambia walijuaje, lakini tulikuwa na mawazo yetu. Baada ya hapo mkuu wetu akawa anatupa maelekezo ana kwa ana, hewani tunasema maneno mawili tu. Kazi ikawa ngumu mara mbili.

Halafu hao wananchi wa mtandaoni. Mtu mmoja akisikiliza kwa nia njema hakuna neno. Wakisikiliza elfu hamsini na kila mmoja ana simu ya kuandika anachodhani amesikia, nani atawajibika? Nijibu hapo.

Mlinzi wa Zamu:

Mzee wangu, shikamoo. Swali ni zito na nalijibu bila kulizunguka.

Kuhusu chai ya moto: uvamizi wa kukamata watu ndio hasa ninaosema ufungwe. Kama ningekuwa na ndugu yangu kwenye kikosi hicho ningetaka wasimbe kwa nguvu zote walizo nazo. Ninachopinga ni kuchukua sababu ya uvamizi mmoja na kuifunika juu ya simu mia za mtu kaanguka ngazi. Redio za sasa zina chaneli nyingi na kugeuza kutoka wazi kwenda siri ni swichi. Polisi wengi Marekani walikuwa wanafanya hivyo miaka na miaka: doria wazi, vikosi maalumu na wapelelezi wamesimba.

Kuhusu umati, hapo umenishika pabaya, na sitajifanya halipo. Aprili 2013, baada ya mabomu ya mbio za marathoni za Boston, watu wengi mno walikuwa wanasikiliza redio ya polisi kupitia intaneti usiku ule wa msako. Mitandaoni kijana mmoja mwanafunzi aliyekuwa amepotea akatajwa kuwa ndiye mshukiwa, watu wakaapa wamesikia jina lake kwenye skana. Halikuwa kweli. Kijana hakuhusika kabisa, na baadaye alipatikana amefariki. Familia yake ilibeba kumtafuta mtoto na kutukanwa kwa wakati mmoja. Kisha Mei 2021 kampuni ya programu ya Citizen, iliyojengwa juu ya habari za skana, ilitangaza zawadi ya dola 30,000 kwa atakayesaidia kumpata mtu ikidai aliwasha moto Pacific Palisades, Los Angeles. Alikuwa mtu asiye na hatia.

Kwa hiyo ndiyo, ukisikia redio umesikia tetesi za awali. Askari mwenyewe anayeongea bado hajui. Mwandishi mwenye mafunzo anajua hilo, anafika, anauliza, ndipo anaandika. Ndiyo maana nakubali kuwe na madaraja: mwandishi asikie sasa, umma usikie baada ya dakika kadhaa. Na sheria ya Marekani tangu 1934 inatofautisha kusikia na kutumia ulichosikia kujinufaisha au kutenda uhalifu. Anayetumia skana kukimbia na mali ya wizi anashtakiwa kwa hilo. Hata hapa New York huruhusiwi kuweka redio ya kupokea masafa ya polisi kwenye gari bila kibali, isipokuwa una leseni ya redio za ridhaa, zile za watu wanaowasiliana kwa kujifurahisha. Ndiyo maana yangu inakaa mezani.

Koplo Mstaafu:

Marahaba. Umejibu kiume. Kwenye hilo la chaneli mbili tunakubaliana, na nikwambie ukweli, hata sisi tungelipenda. Tulikuwa tunabanana wote kwenye masafa mamoja, wa barabarani na wa upelelezi.

Fundi wa Antena:

Wakuu mimi swali langu ni la kiufundi. Kama wamesimba, si kuna wajanja watavunja? Siku hizi kuna kompyuta za kila aina. Naona kama wanapoteza pesa tu.

Mlinzi wa Zamu:

Mkuu, kwa AES ya biti 256 ikiwa imepakiwa vizuri, sahau. Hakuna mjanja wa mtaani atakayejaribu funguo zote hizo. Na usijaribu, kuvunja mawasiliano yaliyofungwa ni kosa, tofauti kabisa na kusikiliza yaliyo wazi.

Ila kuna funzo kubwa kwenye mfumo mwingine, TETRA, ambao polisi wa Ulaya na nchi nyingi nje ya Marekani wanautumia. Kiwango hicho kilitoka 1995 na mbinu zake za kusimba zikawekwa siri, mtaalamu wa nje haruhusiwi kuzikagua. Mwaka 2023 kampuni ya Uholanzi iitwayo Midnight Blue ikafichua kwamba mojawapo, TEA1, ina ufunguo unaotajwa kuwa wa biti 80 lakini ndani unapunguzwa hadi biti 32. Biti 32 kompyuta ya kawaida inazimaliza kwa muda mfupi sana. TEA2 ilitengwa kwa vyombo vya usalama vya Ulaya. TEA1 ilikuwa mojawapo ya zilizouzwa kwa wengine. Maana yake serikali zilinunua redio, zikaambiwa ni salama, na kwa karibu miaka 30 hakuna wa kujitegemea aliyepewa nafasi ya kuhakiki. Baada ya aibu hiyo shirika la viwango la Ulaya, ETSI, likakubali kuziweka mbinu hizo hadharani.

AES, kinyume chake, imekuwa hadharani tangu 2001, kila mtaalamu duniani ameipiga nyundo, na bado imesimama.

Binti Likoni:

Kaka Mlinzi, asante kwa uzi huu. Mie ni mwandishi huku Mombasa na nimekuwa nikisoma tu, lakini acha niseme.

Huku kwetu mjadala wenyewe haujawahi kufika hapo mulipo nyinyi. Hatujawahi kuwa na haki hiyo tukapokonywa. Tulipovamiwa kwenye jengo la maduka la Westgate, Nairobi, Septemba 2013, watu 67 wakauawa, shida iliyojitokeza ilikuwa nyingine kabisa: polisi na jeshi hawakuwa na mawasiliano ya pamoja, na kamanda wa Recce, kikosi maalumu cha polisi, akauawa kwa risasi za wanajeshi wetu wenyewe. Baada ya hapo serikali ikawapa Safaricom kandarasi ya shilingi bilioni 14.9 ya kuunganisha mawasiliano na kamera za polisi Nairobi na Mombasa. Nani angesimama wakati ule aulize kama wananchi watasikia chochote? Mambo yalikuwa ya msiba.

Kwa hivyo sisi twategemea simu. Unampigia OCS, yaani mkuu wa kituo cha polisi, hashiki. Unampigia msemaji, anasema taarifa itatoka. Unampigia mwenye kibanda karibu na pale, huyo ndiye anayekwambia. Na Juni 2024, vijana walipoingia barabarani kupinga Mswada wa Fedha, walijitengenezea redio yao wenyewe kwa Zello, ile programu inayogeuza simu kuwa redio ya kubonyeza na kuongea. Nilikaa nikisikiliza: mtu anasema gesi imerushwa wapi, mwingine anauliza ambulansi iko wapi, daktari wa kujitolea anajibu. Na uongo pia ulipita mwingi, sitaficha. Lakini nilijiuliza, watu hawa wanakisia polisi wako wapi kwa kuchungulia madirishani. Hakuna hata sentensi moja ya upande wa pili waliyoweza kuisikia.

Nauliza: nchi kama yetu, ambayo haikuanza na redio za wazi, ianzie wapi?

Mlinzi wa Zamu:

Dada yangu, swali lako ni zuri kuliko uzi wangu.

Sheria zetu za huku na huko zimeelekea kwenye kuzuia. Tanzania, Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya 2010, kifungu cha 120, inaharamisha kunasa mawasiliano bila mamlaka ya kisheria, na haitofautishi ya wazi na ya siri kama Marekani walivyofanya mwaka 1986 waliporuhusu kusikiliza mawasiliano ya polisi yanayofikika kirahisi na umma. Kwa hiyo mtu wa Dar au Mwanza asinunue skana kwa kusoma uzi huu. Nasema hilo kwa herufi kubwa moyoni.

Lakini Kenya mna Ibara ya 35 ya Katiba, haki ya kupata taarifa, na sheria yake ya 2016. Tanzania nayo ina Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016. Mahali pa kuanzia ni kwenye kumbukumbu. Kila simu ya dharura inayoingia na kila gari linalotumwa vinaandikwa mahali: saa ngapi simu ilipigwa, saa ngapi gari liliondoka, saa ngapi lilifika. Miji mingi ya Marekani inaweka orodha hiyo mtandaoni bila majina ya watu. Haihitaji masafa, haihitaji skana, haimweki askari hatarini kwa sababu tukio limeshapita. Ukiwa na orodha hiyo kwa Likoni peke yake kwa mwezi mmoja, unaweza kuandika habari ya muda ambao watu wanasubiri polisi, na msemaji hatakuwa na jibu la "taarifa itatoka".

Mpita Njia:

Samahani wakuu naona mnakuza jambo. Hata New York si kuna sheria ya kuomba taarifa? Redio zote zinarekodiwa. Mwandishi akitaka aombe rekodi, apewe, aandike. Haraka ya nini?

Mlinzi wa Zamu:

Mkuu, sheria ipo, inaitwa FOIL, na inataka ofisi ikujibu ndani ya siku 5 za kazi. Jibu hilo linaruhusiwa kuwa barua inayosema tumepokea ombi lako na tutakujulisha. Waandishi wanasubiri miezi kwa rekodi ya dakika chache, wengine wanaishia mahakamani.

Lakini hata ingekuwa siku hiyo hiyo, ombi linataka ujue cha kuomba. Chukua tarehe 17 Julai 2014, Staten Island. Eric Garner anakabwa na askari mbele ya duka, anasema mara kadhaa kwamba hawezi kupumua, anafariki. Rafiki yake Ramsey Orta anarekodi kwa simu. Ripoti ya kwanza ya ndani ya polisi haikutaja kukabwa koo. Watetezi wa muswada wa Gianaris wameeleza kwamba gazeti la Daily News lilijua kuna tukio kwa kusikia redio ya polisi, likatuma watu, wakaipata ile video, ikachapishwa. Ilichukua mpaka 2019 askari yule kufukuzwa kazi, na huo ni mwaka wa tano tangu dunia nzima ilipokwisha kuona kwa macho.

Sasa ondoa redio kwenye mlolongo huo. Mwandishi yuko ofisini. Inakuja taarifa ya mstari mmoja kwamba mtu amefariki akiwa anakamatwa, alikuwa na matatizo ya kiafya. Ataomba rekodi ipi, ya saa ngapi, ya chaneli gani?

Binti Likoni:

Hapo nimekuelewa kabisa. Kaka, hizo orodha za miji zinazowekwa mtandaoni, zaonekanaje? Safu gani zimo? Nataka niambatishe mfano kwenye barua yangu kwa ofisi ya kaunti ndogo, wasije wakasema hawajui naomba nini.

Mlinzi wa Zamu:

Safu za kawaida ni namba ya tukio, aina ya tukio, kiwango cha uharaka, saa ya simu kupokelewa, saa ya gari kutumwa, saa ya kufika, saa ya kufunga, na mtaa bila namba ya nyumba. Mwambie ofisa wa hapo asitoe matukio ya unyanyasaji wa majumbani na ya watoto kwa anwani. Ukilisema wewe mwenyewe kwanza, umemwondolea sababu ya kukataa. Nikitoka zamu asubuhi nitapiga picha ya kurasa mbili tatu niziweke hapa.

Koplo Mstaafu:

Binti, ongeza na safu ya "hakuna gari". Kwetu kuna siku jibu lilikuwa hilo, na kwenye kitabu cha matukio liliandikwa. Wakikupa orodha isiyo na safu hiyo, rudi ukaiombe.